Kupima magonjwa sugu mengi kwa mgonjwa mmoja: mwongozo kamili, kuanzia ufafanuzi hadi namba ya mwisho

Chukulia watu wawili wamepewa majalada yaleyale 2,000 ya wagonjwa. Mmoja anarudi na jibu kwamba asilimia 19 wana magonjwa sugu mawili au zaidi. Mwenzake anasema asilimia 46. Ukikagua kazi zao, hakuna aliyekosea kujumlisha.

Nimesoma rasimu nyingi za aina hii, na karibu zote zimeharibika mahali palepale: mtu alifungua jedwali akaanza kuhesabu kabla hajaamua anahesabu nini. Ndiyo maana nusu ya kwanza ya mwongozo huu haina hesabu kabisa. Usiiruke.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Chanzo cha data unachokijua vizuri: majalada, daftari la kliniki, mfumo wa kielektroniki au dodoso. Ujue nani huwa anaandika, anaandika nini, na tangu lini.
- Namba moja ya utambulisho kwa kila mgonjwa, isiyobadilika akihama kliniki moja kwenda nyingine.
- Umri, jinsia na tarehe ya kila hudhurio.
- Utambuzi wa ugonjwa kama ulivyoandikwa, au misimbo ya ICD-10 (orodha ya kimataifa ya kuainisha magonjwa) kama inatumika.
- Matokeo ya maabara na orodha ya dawa, pale zinapopatikana.
- Programu ya takwimu yoyote uliyoizoea. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha kwa wagonjwa mia chache.
- Tabibu mmoja mwenye subira, utakayemuuliza maswali madogo madogo kila siku.
- Kibali cha maadili, na utaratibu wa kuondoa majina kabla data haijakufikia.

Kama namba ya utambulisho haipo, simama hapo ulitatue hilo kwanza. Mgonjwa mwenye faili mbili atahesabiwa kama watu wawili wenye ugonjwa mmoja mmoja, na yule hasa unayemtafuta atakuwa amepotea.

## Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

Kuna maswali mawili yanayofanana kwa mbali lakini yanahitaji vipimo tofauti.

La kwanza: *mgonjwa huyu amebeba magonjwa sugu mangapi kwa pamoja?* Hapa hakuna ugonjwa ulio mkuu. Yote yana hadhi sawa. Shirika la Afya Duniani hulieleza jambo hili kama mtu mmoja kuwa na hali mbili au zaidi za ugonjwa sugu kwa wakati mmoja. Katika mwongozo huu nitaliita wingi wa magonjwa.

La pili: *mgonjwa mwenye saratani ya matiti ana magonjwa gani mengine yatakayoathiri matibabu yake?* Hapa saratani ndiyo kiini, na mengine ni magonjwa yanayoambatana nayo. Daktari Mmarekani Alvan Feinstein ndiye aliyelipa wazo hili jina (comorbidity kwa Kiingereza) mwaka 1970, na tangu hapo watu wamekuwa wakilichanganya na lile la kwanza.

Kosa la kawaida ni kuchukua data za kliniki ya kisukari, kisha kutangaza kwamba "wagonjwa wengi wana magonjwa mawili au zaidi". Kila aliyeingia mlango ule alikuwa tayari na ugonjwa mmoja, kwa hiyo mmoja tu wa nyongeza ulitosha kumfikisha kwenye mawili. Data hizo zinajibu swali la pili. Kwa swali la kwanza hazifai, hata ukizipamba vipi.

Sentensi yako ikitaja ni nani, wapi, kipindi gani, na kama kuna ugonjwa ulio kiini, endelea.

## Hatua ya 2: Tengeneza orodha ya magonjwa

Hii ndiyo hatua inayozaa ile tofauti ya 19 na 46. Kadiri orodha inavyorefuka, ndivyo watu wengi zaidi wanavyovuka kizingiti cha magonjwa mawili. Ukiwa na magonjwa matano kwenye orodha utawaona wachache. Ukiweka hamsini, karibu kila mzee atakuwa ndani.

Wala si tatizo la wanafunzi peke yao. Mapitio ya tafiti 566 yaliyochapishwa mwaka 2021 yalikuta orodha zenye hali 2 tu na nyingine zenye 285, wastani wa katikati ukiwa 17. Magonjwa manane tu ndiyo yaliyojitokeza katika zaidi ya nusu ya tafiti hizo: kisukari, kiharusi, saratani, ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, shinikizo la damu, ugonjwa wa mishipa ya moyo, ugonjwa sugu wa figo na moyo kushindwa kufanya kazi. Anza na hayo manane, kisha ongeza. Mtafiti Martin Fortin na wenzake walishauri mwaka 2012 kwamba orodha isipungue magonjwa 12 yaliyo ya kawaida zaidi katika watu unaowapima, na sijaona sababu ya kushuka chini ya hapo.

Unapoongeza, utakutana na mizozo minne. Iamue sasa na uandike sababu.

Afya ya akili. Sonona, skizofrenia na matatizo ya wasiwasi ya muda mrefu yaingie. Orodha inayoishia kwenye viungo vya mwili inawaacha nje wagonjwa wengi vijana, kwa sababu kwao mchanganyiko wa kawaida ni maumivu ya kudumu pamoja na sonona.

Magonjwa ya kuambukiza yanayodumu. VVU na homa ya ini B na C sugu ni magonjwa ya kuishi nayo miaka mingi. Yaweke. Malaria na nimonia, hata zikijirudia, zibaki nje.

Vihatarishi. Unene uliokithiri na lehemu nyingi kwenye damu huleta mabishano makubwa. Je, ni magonjwa au ni njia ya kuelekea kwenye magonjwa? Mimi huviacha nje ya hesabu kuu na kuvihesabu pembeni. Ukiviingiza, sema wazi, maana vinaweza kupandisha asilimia yako kuliko ugonjwa mwingine wowote.

Kuunganisha au kutenganisha. Mgonjwa aliyewahi kupata shambulio la moyo, ambaye sasa moyo wake umeshindwa kufanya kazi na mapigo yake hayana mpangilio: ana ugonjwa mmoja wa moyo au ana matatu? Ukiweka mstari mmoja wa "magonjwa ya moyo", hana hata wingi wa magonjwa. Ukitenganisha, anao, tena mzito. Mimi hutenganisha pale matibabu yanapotofautiana, na huunganisha pale daktari angetibu vilevile. Saratani zote, kwa mfano, huziweka mstari mmoja, isipokuwa swali lenyewe linahusu saratani.

Linalofanana na hilo ni tokeo la ugonjwa mwingine. Kisukari kilichoharibu figo ni kimoja au viwili? Kwa kuhesabu mzigo anaoubeba mgonjwa, ni viwili: figo zina kliniki yake, vipimo vyake na dawa zake. Muhimu ni kanuni hiyo kutumika kwa wote, si kwa yule tu uliyemkumbuka.

Mwisho wa hatua hii uwe na ukurasa mmoja wenye magonjwa kati ya 12 na 40 hivi, kila mstari ukiwa na jina na mipaka yake. Mpe tabibu wako. Akiuliza maswali chini ya matatu, umefanya vizuri.

## Hatua ya 3: Kanuni ya kukubali kila ugonjwa

Kuwa na jina kwenye orodha hakutoshi. Lazima useme ni ushahidi gani utakaokufanya uandike "anao".

Anza na muda. Wapo wanaokubali miezi mitatu, wengine sita, wengine mwaka mzima. Chagua mmoja uwe wa jumla, kisha acha nafasi kwa magonjwa yenye kanuni zake. Ugonjwa sugu wa figo, kwa mfano, unadai kasoro iliyodumu zaidi ya miezi mitatu. Kipimo kimoja cha kreatinini (taka ya damu inayoonyesha kazi ya figo) kilichopanda siku mgonjwa alipokuwa anaharisha hakithibitishi kitu.

Kisha andika kanuni kwa kila chanzo:

- Utambuzi ulioandikwa. Kubali ukionekana mara moja kwa aliyelazwa, au mara mbili kwa mgonjwa wa nje kwa tarehe zilizoachana angalau siku 30. Sababu ni kwamba mhudumu mara nyingi huandika ugonjwa anaoushuku ili apate kipimo, kisha kipimo kinakuja safi na hakuna anayerudi kufuta.
- Maabara na vipimo. Kisukari: glukosi ya kufunga ya 7.0 mmol/L au zaidi, au HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu) ya asilimia 6.5 au zaidi, na kwa asiye na dalili kipimo kirudiwe. Shinikizo la damu: 140/90 au zaidi katika mahudhurio tofauti, si mara moja mtu alipofika anahema.
- Dawa. Zitumie kuthibitisha, na mara chache tu kuanzisha. Insulini inasema wazi. Propranolol haisemi: inaweza kuwa ya shinikizo, ya kipandauso, ya mtetemeko au ya wasiwasi. Amitriptyline huandikwa kwa maumivu ya neva pengine kuliko kwa sonona.
- Dodoso. Uliza, "Umewahi kuambiwa na daktari au mhudumu wa afya kwamba una...?" kisha, "Bado unao, au unautumia dawa?" Swali moja la "Una magonjwa gani?" huleta majibu mafupi kuliko ukweli, watu husahau ugonjwa uliotulia.

Hapa pana mtego ambao umewanasa wengi, mimi nikiwa mmoja wao mwanzoni. Mgonjwa anatumia dawa za shinikizo na leo amepima 126/78. Ukifuata kipimo peke yake utaandika "hana". Anao, ila umedhibitiwa. Kwa hiyo kanuni isomeke: kipimo cha juu *au* dawa pamoja na utambuzi ulioandikwa.

Amua pia kipindi cha kuangalia nyuma. Ukitazama miezi 12 tu, mwenye kifafa kilichotulia anayefika kliniki mara chache atapotea. Ukitazama miaka kumi, utakusanya sonona iliyopona zamani. Miaka miwili huwa mahali pazuri pa kuanzia, na magonjwa yasiyopona, kama kiharusi kilichoacha ulemavu au VVU, yakubaliwe hata yakiwa yameandikwa zamani zaidi. Kipindi kiwe sawa kwa kila mgonjwa. Aliyesajiliwa mwezi uliopita hawezi kulinganishwa na aliyesajiliwa miaka minane.

## Hatua ya 4: Chagua kipimo kinacholingana na swali

Kuhesabu tu. Kila ugonjwa pointi moja. Ni rahisi, kinaeleweka, na kwa swali la kwanza kinatosha. Udhaifu wake unajulikana: pumu nyepesi na moyo ulioshindwa vinapata pointi ileile.

Kipimo cha Charlson. Kilitolewa mwaka 1987 kwa ajili ya kukadiria hatari ya kufa ndani ya mwaka mmoja. Kina hali 19 zenye uzito wa 1, 2, 3 au 6, na uzito wa 6 ulipewa saratani iliyosambaa na UKIMWI. Toleo lenye umri huongeza pointi moja kwa kila muongo kuanzia miaka 50. Angalia toleo unalotumia: uzito ulirekebishwa mwaka 2011, na UKIMWI ukashuka hadi 4 kwa sababu matibabu yamebadilika.

Kipimo cha Elixhauser. Ni cha 1998, chenye hali 30, na kiliundwa kwa data za wagonjwa waliolazwa. Kinaingiza shinikizo la damu na sonona, ambazo Charlson haina.

CIRS (Cumulative Illness Rating Scale, kipimo cha jumla ya ukali wa magonjwa). Kinapitia mifumo ya mwili mmoja mmoja na kuupa kila mfumo ukali wa 0 hadi 4. Toleo la wazee lina mifumo 14. Ni kizuri kuliko vyote kwa kuona ukali, lakini kinahitaji mtu mwenye ujuzi wa tiba asome jalada zima.

Watu hukimbilia Charlson kwa sababu ina jina kubwa. Tazama wagonjwa hawa wawili wa kubuni.

Wa kwanza ana miaka 38: kipandauso, kifafa, sonona, na maumivu ya mgongo ya miaka mitano. Kwa kuhesabu ana magonjwa manne. Kwa Charlson ana sifuri.

Wa pili ana miaka 62: shinikizo la damu, moyo kushindwa kufanya kazi, na kisukari kilichoanza kuathiri figo kwa kiwango cha chini. Kwa kuhesabu, ukitenganisha figo, naye ana manne. Kwa Charlson ya mwanzo anapata 1 ya moyo na 2 za kisukari chenye madhara, jumla 3. Shinikizo halina pointi, na figo hazijafikia ukali unaotakiwa. Ukiongeza umri zinakuwa 5.

Hakuna kipimo kilichodanganya. Charlson iliulizwa nani yuko karibu na kifo, ikajibu hilo. Kama swali lako ni nani anahangaika kati ya kliniki nne akiwa na mifuko minne ya dawa, hukuiuliza.

## Hatua ya 5: Jenga jedwali

Mstari mmoja kwa kila mgonjwa, safu moja kwa kila ugonjwa. Ndani ya kila kisanduku weka 1 kama anao, 0 kama hana, na acha wazi kama haijulikani.

Hiyo ya tatu ndiyo inayoharibu kazi. Mgonjwa ambaye hajawahi kupimwa figo si sawa na aliyepimwa akakutwa salama. Ukijaza 0 kila mahali, kituo kisicho na maabara kitaonekana kuwa na watu wenye afya kuliko vyote. Nimeona ramani nzima za wilaya zikichorwa kwa kosa hili. Kilichochorwa kilikuwa ramani ya mashine za maabara.

Jumlisha safu za magonjwa kupata idadi kwa kila mtu, na weka safu nyingine inayohesabu visanduku vilivyo wazi. Kama visanduku vya zaidi ya robo ya wagonjwa viko wazi kwenye ugonjwa fulani, uondoe ugonjwa huo kwenye orodha au ueleze wazi kwamba umehesabu waliogunduliwa tu.

## Hatua ya 6: Jaribu kwa majalada 50

Chukua majalada 50 bila kuchagua. Watu wawili wayasome kila mmoja peke yake kwa kufuata kanuni zilezile, kisha linganisheni.

Usitosheke na asilimia ya kukubaliana. Tuseme kila msomaji amemwona mtu mmoja mwenye kifafa, lakini si mtu yuleyule. Wamekubaliana kwenye majalada 48 kati ya 50, yaani asilimia 96, na bado hakuna hata mgonjwa mmoja waliyekubaliana kwamba anacho! Kipimo cha kappa, kinachoondoa kukubaliana kunakotokea kwa bahati tu, kinalifichua hilo: hapa kinatoka chini kidogo ya sifuri. Tafuta 0.8 kwenda juu. Chini ya 0.6, usimlaumu msomaji. Kanuni yako ya hatua ya 3 haijaeleweka, irudie.

## Hatua ya 7: Hesabu, lakini kwa makundi ya umri

Sasa namba zenyewe. Toa idadi ya wenye magonjwa sifuri, mmoja, mawili, matatu na zaidi. Usitoe "mawili au zaidi" peke yake. Katika watu wenye umri mkubwa kizingiti hicho hukusanya karibu kila mtu, na cha matatu au zaidi huwatofautisha vizuri zaidi.

Kisha gawa kwa umri: labda chini ya 40, 40 hadi 59, 60 hadi 74, na 75 kwenda juu. Umri ndio unaosukuma wingi wa magonjwa kuliko kitu kingine, na kulinganisha vituo viwili bila kuusawazisha ni kulinganisha vijana na wazee. Lakini usidhani ni jambo la wazee tu. Utafiti wa Scotland wa mwaka 2012, uliohusisha watu milioni 1.75 na hali 40, ulikuta asilimia 23.2 wana wingi wa magonjwa, na kwamba wakazi wa maeneo maskini zaidi waliufikia miaka 10 hadi 15 mapema kuliko wa maeneo yenye nafuu.

Ukitaka kujua magonjwa gani yanaandamana, usihesabu jozi tu. Jozi inayoongoza karibu kila mara itakuwa ya magonjwa mawili yaliyo mengi, hata kama hayahusiani. Linganisha na kilichotarajiwa. Tuseme kati ya wagonjwa 2,000, wenye shinikizo ni 600 na wenye kisukari ni 200. Yangekuwa hayana uhusiano, ungetarajia wenye yote mawili wawe 600 × 200 ÷ 2,000, yaani 60. Ukikuta 108, uwiano ni 1.8. Fanya hesabu hiyo ndani ya kila kundi la umri, kwa sababu uzee peke yake unaweza kuyaleta pamoja. Na kumbuka magonjwa 20 yana jozi 190. Chache zitang'aa kwa bahati tu.

## Hatua ya 8: Itikise namba yako kabla hujaitoa

Rudia hesabu ukiwa umeongeza vihatarishi. Rudia ukiwa umeunganisha magonjwa ya moyo. Rudia kwa kipindi cha mwaka mmoja badala ya miwili. Weka majibu kando kwa kando.

Kama asilimia yako inahama kutoka 31 hadi 34, unaweza kuisimamia. Ikihama kutoka 31 hadi 52, bado unaweza kuitoa, ila itoke pamoja na 52 na sababu yake, kwenye aya ileile.

Na hii ndiyo aya ninayotamani kuikuta katika kila ripoti. Inakili, ubadilishe namba:

"Tulihesabu magonjwa 22 yaliyoorodheshwa kwenye kiambatisho, yakiwemo matatu ya afya ya akili na mawili ya kuambukiza. Ugonjwa ulikubaliwa kama uliandikwa mara moja kwa aliyelazwa au mara mbili kwa mgonjwa wa nje kwa tarehe zilizoachana siku 30, ndani ya miaka miwili. Unene na lehemu havikuhesabiwa. Vikihesabiwa, asilimia inapanda kutoka 31 hadi 43. Wagonjwa 212 hawakuwa na kipimo chochote cha figo na hawakuchukuliwa kuwa salama."